Zizini Alimozikwa Malando

Tangu nirudi mnaniuliza, kila mmoja kwa namna yake. Wengine mnauliza kwa adabu, safari ilikuwaje, na wengine, nawajua, mnataka tu kusikia kama ni kweli nimekwenda kwenye kaburi la jambazi. Ni kweli, nimekwenda. Nimechoka kusimulia vipande vipande dukani na misibani, kila mtu akiondoka na kipande chake akakitie chumvi, kwa hiyo naandika mara moja na kwa kirefu. Majina ya watu wa kule nimeyabadili, na kijiji chenyewe sikitaji. Ombi langu ni moja: asitokee mtu wa kumsomea mama yangu.

Waliokuja Kilosa miaka ya karibuni hawamjui mdogo wangu Rashidi. Alikuwa fundi pikipiki, mcheshi, mpenda koti zuri. Aliondoka hapa akafuata kazi kwenye viwanda vya kuchambulia pamba kule Maswa. Alituma salamu, akatuma kitenge cha mama, kisha kimya. Habari iliyofuata tuliletewa na dereva wa lori, nayo haikuwa nzuri: Rashidi alikuwa ameingia kwenye kundi la Malando, jambazi aliyekuwa akiteka mabasi huko Usukumani. Siku wananchi walipowazingira na kuwachoma moto, hakupona mtu. Mwili wa Malando alikabidhiwa mama yake. Wengine walizikwa na serikali mahali ambapo hakuna wa kupaonyesha.

Mama alikataa. Alisema hasomi hitima ya mtoto ambaye hakuna mtu wetu aliyeliona kaburi lake, na hakuna aliyeweza kumgeuza, si shehe, si marehemu baba. Mwaka huu miguu imemvimba, hainuki bila kushikwa. Nikajiona nikimzika naye akiwa bado anamngoja Rashidi, na jambo hilo sikuweza kulivumilia. Ndipo nikaamua kumtafuta mama wa Malando. Aliyekwenda kupokea mwili wa mwanawe pengine aliona wengine walipelekwa wapi.

Kilosa hadi Shinyanga

Treni mpaka Dodoma haina hadithi. Unakaa, unasinzia, umefika. Hadithi ilianza kwenye basi, maana tulipoipita Singida rejeta ilipasuka, mvuke ukajaa mbele mpaka dereva akawa anafunguliwa dirisha na abiria. Tukashuka wote. Upepo wa pale unapiga mchanga usoni kama una ugomvi nawe.

Jirani yangu alikuwa baba mmoja mwenye boksi la vifaranga alilolipakata kama mtoto mchanga. Kila baada ya muda analifunua, anachungulia, anasikitika. Kuna waliokufa. Aliwatoa, akawapanga pembeni ya barabara kwa heshima kabisa, kisha akaniuliza mimi naenda Bariadi kufanya nini.

"Kumwona mdogo wangu," nikamwambia.

"Ana shughuli gani huko?"

"Ametulia tu."

Akasema ni vizuri, siku hizi vijana hawatulii. Nikageuka kutazama mbali. Tulikula kuku wa kuchoma na chumvi ya pilipili tukiwa tumesimama, na rejeta ilipopatikana nguo zangu zilikuwa zimebadilika rangi. Shinyanga tuliingia tumechelewa mno, nikalala nyumba ya wageni ambayo godoro lake sitaki kulikumbuka.

Kupitia Maswa

Basi la kwenda Bariadi lilikuwa jema, lami nzuri, mashamba ya mpunga na pamba changa pande zote. Nilikaa na mama mmoja wa Maswa, mfanyabiashara wa mchele, mwenye sauti ya kusikika mpaka kiti cha nyuma. Nilimtega. Nikasema nimesikia zamani njia hii ilikuwa na majambazi.

"Weee! Malando!" Akapiga paja. "Mama, wewe acha tu. Yule alikuwa hapigi kelele. Anaingia kwenye basi, anainua kidole hivi, watu wenyewe wanavua saa. Watoto wananyamaza. Bunduki wanashika wale vijana wake, yeye anaangalia tu."

Alimjua tangu utoto, maana Malando alichunga ng'ombe pamoja na kaka yake. Baba yake Malando aliporwa kundi lote la ng'ombe, na kijana akafuata nyayo peke yake, akapotea siku nyingi, akarudi mikono mitupu. Baba akafa kwa uchungu. Kijana akaenda kubeba marobota ya pamba kiwandani Maswa, na huko ndiko alikojifunza kwamba fedha za wanunuzi wa pamba zinasafiri na watu waoga.

"Na kaburi lake?" nikauliza.

"Liko kwao, huko Mwamapalala kwa ndani. Zizini. Kwetu mwenye kaya anazikwa zizini, na yeye kaya alibaki nayo baada ya baba. Lakini mama yake alimkomesha! Wa ukoo wote pale wamelala vichwa kaskazini, walikotoka wazee wao. Yeye amemlaza amekingama, hivi." Akaweka kiganja kukatiza kingine. "Ili asirudi. Mama mzazi huyo!"

Abiria wa mbele akageuka akasema ni kweli, hata yeye amelishuhudia. Wakaanza kubishana kama Malando alikuwa na dawa au bahati tu. Mimi nilikuwa namfikiria huyo mama, nikajiambia kwamba mtu mwenye moyo mgumu hivyo atanifukuza kabla sijamaliza salamu.

Somanda

Bariadi nilifikia Somanda, kwa Mzee Hemedi, mtu wa Kondoa aliyefungua duka huko tangu ujana wake. Alifanya biashara na marehemu mume wangu, tukabaki ndugu. Duka lake liko njia ya hospitali, bodaboda zinapita mbele yake kutwa nzima, na yeye anakaa kwenye benchi lake akiwasalimu madereva kwa majina yao na ya baba zao.

Mkewe, Bi Asha, alipika wali na sato wa nazi, nazi ya kopo lakini mkono wake ni mzuri. Baada ya magharibi tukakaa mkekani kula. Hemedi akaniuliza safari hasa ni ya nini. Nikaona haifai kula chakula cha mtu huku namficha. Nikasema yote: Rashidi, Malando, mama, hitima.

Bi Asha aliweka kijiko chini. Hemedi alitazama sahani yake kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Mume wa binti yetu mkubwa alikuwa utingo. Basi lake lilitekwa na Malando, akajaribu kukimbia. Binti alikuwa na mimba."

Nilitaka kuomba radhi, lakini ningeiombaje, na kwa niaba ya nani? Sijui Rashidi alishika nini siku hiyo, na mpaka leo sijui. Nilisogea nyuma ili niinuke, nikatafute pa kulala mjini.

"Kula, Zuhura," Hemedi akasema. "Wali unapoa."

Tukala, tukanawa mikono. Asubuhi alikuwa amekwisha kuniitia bodaboda, mtu mzima anayemwamini, na akamwambia huyu ni dada yangu, umrudishe salama.

Njia ya Mwamapalala

Dereva aliitwa Jilala, baba wa watoto wakubwa, mwenye koti la mvua lililokuwa halifungi. Mvua ilinyesha tukiwa njiani, na udongo wa mbuga, ule mweusi, ukilowa hauna huruma. Ulijaza magurudumu mpaka pikipiki ikakataa kuzunguka. Tulishuka, tukakwangua kwa vijiti, tukapanda, tukashuka tena. Viatu vyangu vilikuwa vizito kama nimevaa matofali. Mwisho Jilala akasema tungoje pakauke, tukajibanza kwenye kibanda cha duka.

Mwenye duka alitukaribisha kwa michembe iliyochemshwa, vile viazi vitamu vyao vilivyokatwa vikakaushwa, na chai. Nilikula kwa pupa. Jilala alipotaja kaya tunayokwenda, mwenye duka alinitazama upya.

"Mama unafuata udongo?"

Sikuelewa. Nikasema udongo gani, miguu yangu yote imejaa udongo. Wakacheka. Jilala akanieleza kwamba watu wa machimbo ya dhahabu na wacheza kamari huja kuchota udongo wa kaburi la Malando kwa ajili ya bahati. Mwenye duka akainama chini ya meza, akatoa kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo.

"Mimi ninao. Usijisumbue kwenda huko, yule mayu, mama yake Malando, ni mkali, anafukuza watu na jembe."

Nilikataa. Alidhani naringa, akaapa kwamba ni wenyewe, si wa mtaroni. Nilishindwa kujua nicheke au nimkaripie, nikanywa chai yangu.

Jua lilipowaka kidogo tukaendelea. Jilala akaniambia jambo moja ambalo sikulijua. Baada ya Malando kuuawa, sungusungu waliitenga ile kaya. Ukitengwa hakuna wa kukusalimu wala kukupa moto, na msiba wako hauna mtu. Mama na binti yake, Limi, walichimba kaburi wenyewe, wakazika wenyewe. Baadaye walitoa ng'ombe dume, akachinjwa, akaliwa, wakarudishwa kijijini.

"Lakini watu hawaendi sana," akasema. "Na mimi nitakusubiri hapo kwenye ua wa minyaa. Ndani siingii."

Zizini

Nilimkuta uani anapepeta mtama. Mama Kabula, mama yake Malando, ni mfupi, mkavu, kichwa chake kimefungwa kitambaa kikuukuu chenye picha ya Bikira Maria. Nilijaribu salamu niliyofundishwa na Jilala.

"Mwadila, mayu."

"Udongo hakuna," akajibu, bila kuinua macho.

"Sikufuata udongo. Nimetoka Kilosa. Naomba kukaa tu."

Akaendelea kupepeta. Binti yake Limi, mwanamke wa rika langu, alitokea mlangoni akanionyesha kigoda. Mbele ya mlango palikuwa pamefagiliwa na kuwekwa mkeka, na mimi na viatu vyangu vya tope nikaona aibu. Nikavivua, nikamimina maji kidogo kutoka kwenye chupa yangu, nikanawa miguu.

Ungo ulisimama.

Wenzangu mnaonijua mmeiona miguu yangu. Kidole changu cha mwisho kimepanda juu ya mwenzake, miguu yote miwili. Mama yuko hivyo, mimi niko hivyo, Rashidi alikuwa hivyo, na tulipokuwa wadogo tulitaniwa kwamba tunaweza kushika sindano kwa miguu. Mama Kabula aliitazama miguu yangu, akauweka ungo chini taratibu, mtama ukamwagika upande mmoja.

"Rashidi ni nani wako?" akauliza.

Nilikuwa sijalitaja hilo jina.

Nikasema ni mdogo wangu. Akajifunika uso na viganja vyake, na Limi akaingia ndani haraka kama mtu aliyeitwa. Kisha yule mama alinishika mkono, akaniongoza mpaka zizini. Ng'ombe walikuwa wametolewa malishoni. Harufu ya mavi mabichi, inzi wengi, tope la kwato. Pembeni kulikuwa na makaburi ya zamani, vichuguu vya mawe vikielekea kaskazini, na moja limekingama, limesakafiwa kwa saruji nyembamba. Juu yake mtu alikuwa ametupa matawi ya miiba. Herufi ziliandikwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi: MALANDO.

"Huyu ndiye wako," akasema Mama Kabula.

Nasimulia maneno yake kama nilivyoyasikia. Alisema Rashidi aliwahi kukaa pale kwao siku kadhaa, akimtengenezea Malando pikipiki. Alimwita mama. Kuku alimchinja mwenyewe ndipo akala. Aliswali pale penye jiwe, akiangalia kile kilima, na Limi alikuwa akimcheka.

"Waliponipa mwili, huku juu kote umeungua. Wakaniambia ni mwanao, mabaki ya koti lake haya. Nikakubali. Nimefika nao hapa, naosha, nikamvua buti. Nikaona vidole. Nikajua wangu hajafa. Nikisema si yeye, watamfuata tena. Mimi ni mama. Nikanyamaza."

"Ukamzika ndugu yangu kwa jina la mwanao."

"Nimemzika vizuri! Nimemwosha, mimi na Limi. Nimemvika shuka nyeupe ya Limi ya harusi. Watu wanasema nimemlaza vibaya, Malando. Hapana. Nimemlaza aangalie kilima kile, alikokuwa anaangalia akisali."

Nilikaa chini kwenye mavi ya ng'ombe, na sikujali.

Mvua za mwaka uliofuata Malando alirudi kwao akikohoa damu, akafichwa ndani. Kabla hajafa alimwambia mama yake kilichotokea. Siku ile mwano, yowe la kuita wanakijiji, ulipopigwa na watu wakaanza kutokea kila upande wa pamba, alivua koti lake akamvisha Rashidi, akamwambia kimbilia kule, nami napita huku. Koti zuri, na Rashidi alipenda makoti. Huenda hakuuliza hata kidogo.

"Yuko wapi?" nikauliza.

Alinyoosha kidevu kuelekea shambani, nyuma ya nyumba. Pamba ilikuwa inachipua, mistari imenyooka, hakuna jiwe wala alama.

"Kila mwaka tunalima juu yake, mimi na Limi. Nikiweka alama watauliza."

Nilimchukia. Sitawadanganya, nilimchukia yule bibi na mwanawe na lile shamba, na nilitaka kusimama pale nipige yowe mpaka kijiji kizima kije kifukue. Miaka yote watu wanamtemea mate ndugu yangu, wanamtupia miiba, wanamuuza kwenye vifuko vya nailoni, kwa jina la mtu aliyempeleka kufa. Nilimwambia hivyo hivyo. Hakubisha hata neno moja. Limi alikuwa amesimama nje ya zizi, ameshika mtoto wa mwanawe kiunoni.

"Sema," akasema Mama Kabula. "Nenda kwa mwanangwa, mkubwa wa kijiji, sema, na mimi nitakubali. Watatutenga tena. Mimi nimezeeka, si kitu. Limi ana wajukuu hapa." Kisha akaniuliza: "Mama yake Rashidi yuko?"

"Yuko."

Alitikisa kichwa mara nyingi, akalia bila sauti, kamasi zikimtoka kama mtoto. Kisha akaanza kuiondoa ile miiba, tawi kwa tawi, na nikajua hii si mara yake ya kwanza kuiondoa. Nikamsaidia. Nikasoma nilichokihifadhi, Yasini mpaka nilipokwama, nikarudia Fatiha. Yeye alisimama nyuma yangu, akafanya ishara ya msalaba, na sote wawili hatukuona ajabu.

Walinipa ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Nilikula. Wakati wa kuondoka hatukuagana kwa maneno mengi. Nilisema wabeja, asante ya kwao, akasema wabeja, basi.

Kurudi

Jilala alikuwa amelala chini ya minyaa, kofia usoni. Njiani nilikuwa nimemdokeza ninachotafuta, basi aliamka akaniuliza yule mayu amesemaje, amekuonyesha walikozikwa wale wengine?

Hapo ndipo penyewe pa kuamua. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na kabla ya jioni lingefika Lagangabilili, mji wa jirani, na kesho Bariadi nzima. Nilimwona Limi kwa mbali anakoka moto, moshi ukipanda. Moto wake mwenyewe, jikoni kwake.

"Hajui," nikasema. "Amesahau."

"Nilijua, mama." Jilala akawasha pikipiki. Tulipopita ubavuni mwa zizi alitema mate kuelekea kaburini, kwa mazoea tu, kama mtu anavyofunga kifungo. Niliyaona yakianguka kwenye majani. Nikamshika bega nisidondoke, tukaishika njia ya Somanda.

Mzee Hemedi hakuniuliza. Alinitazama mara moja, akamwambia mkewe anichemshie maji ya kuoga. Siku ya kuondoka alinisindikiza stendi akanibebea begi, na binti yake, yule mjane, alikuwepo pia, mwanamke mnene mpole, akaninunulia maji ya njiani. Nilishindwa kumtazama machoni. Yeye hakujua kwa nini.

Mengine ya barabarani nayaacha. Basi halikuharibika, chakula kilikuwa cha kawaida, nililala zaidi.

Nilimkuta mama kitandani, mlango umefunguliwa ili aone njia. Nikakaa chini, nikashika miguu yake iliyovimba, nikaanza kumkanda.

"Umeliona?" akauliza.

"Nimeliona, mama."

"Wamemlaza vipi?"

"Kibla. Kwa ubavu, na sanda nyeupe."

"Aliyemwosha nani?"

"Mama mmoja wa kule. Ndiye anayeliangalia kaburi mpaka leo."

Akavuta pumzi. Akaweka mkono wake kichwani kwangu.

"Jina lake wameliandika?"

"Wameliandika."

"Vizuri? Linasomeka?"

"Linasomeka, mama. Herufi kubwa."

"Basi mwiteni shehe," akasema, akageukia ukutani.

Nilitoka uani, nikalia mpaka nikatosheka, kisha nikajitanda khanga yangu nikaenda kumwita.